Mwalimu Dorkasi Lugenge, Aliyesaini Bila Kwenda Kuona

Familia ya Mzee Benno Mtewele wa Njombe, pamoja na ukoo wa Lugenge wa Kitandililo, inawashukuru nyote mliofika katika baridi hii. Tunawasomea maisha ya Mwalimu Dorkasi Efraimu Lugenge, aliyekuwa mke, mama, bibi, na kwa miaka kumi na mitatu mjumbe wa Bodi ya Chuo cha Afya Lwangilo. Sehemu kubwa ya maneno haya aliyatamka mwenyewe akiwa amelala, wiki tatu kabla ya kufariki, na mdogo wake Agustino akayaandika kwenye daftari. Aliagiza mambo mawili: yasomwe yote, na yasirembwe. Anayesoma ni Agustino.

Juzi Alhamisi mchana, daftari lilipofunguliwa nyumbani, mtoto wa kwanza wa marehemu, Mika, alilisoma hadi katikati akalifunga.

"Baba, msibani hatusomi makosa ya mtu," alisema.

Mzee Benno alikuwa anamenya viazi. Hakuna aliyemwomba amenye viazi, na akina mama jikoni walikuwa wameshamaliza vya siku hiyo.

"Ni ya kwake," alisema. "Na ameyasema mwenyewe. Yapelekwe yachapwe."

Akaendelea kumenya. Ndiyo maana mnayo mikononi.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Septemba 1958 huko Kitandililo, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Efraimu Lugenge, mkulima na mzee wa kanisa, na Mama Eveline. Alibatizwa Krismasi ya mwaka huohuo. Alikua akichunga ng'ombe wa babu yake kwa zamu na kaka zake, jambo ambalo wasichana wengi wa rika lake hawakuruhusiwa, lakini kaka zake walikuwa wavivu na yeye alijua kuhesabu. Jioni ng'ombe wakirudi, baba yake hakuwauliza wavulana. Alimuuliza Dorkasi, "Wote?" Naye akijibu "Wote," mzee aliingia ndani akavua buti.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1966 na kumaliza la saba 1972. Mwaka 1973 alifaulu kwenda sekondari ya wasichana mkoani Iringa, ambao ndio ulikuwa mkoa wetu enzi hizo. Alikumbuka kwamba likizo ya kwanza alipokuta reli inajengwa Makambako, alisimama pale mtaroni saa nzima na sanduku lake kichwani, akiwatazama wanaume wakibeba mataruma. Mama yake alikuwa amepika kuku akimsubiri, na kuku akapoa. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1976, akaenda chuo cha ualimu, na Januari 1979 akaripoti kazini kama mwalimu wa shule ya msingi huko Makete, katika kijiji jirani na Bulongwa. Alikuwa na miaka ishirini, koti moja, na kitabu cha mahudhurio ambacho alikifunika kwa karatasi ya sukari kisilowe.

Huko ndiko alikokutana na Benno Mtewele, bwana shamba kijana aliyetumwa kupeleka miche ya miti shuleni. Alifika Jumatatu asubuhi, amelowa ukungu mpaka nyusi, na mzigo wa miche mgongoni.

"Kamwene, mwalimu," alisalimia. "Nimeleta miche."

Dorkasi alitoa barua kwenye mkoba akaisoma. "Barua inasema Jumanne. Leo ni Jumatatu."

"Mwalimu, nimetembea kilomita kumi na nne."

"Pole sana. Watoto leo wana mtihani. Kaa hapo jikoni upate viazi na chai, miche tutapanda kesho."

Akalala kwa mwenyekiti wa kijiji. Kesho yake miche ikapandwa, na wiki iliyofuata Benno akarudi, safari hii bila barua na bila miche. Walifunga ndoa takatifu tarehe 17 Desemba 1983, wakajaliwa watoto watatu: Mika, Eveline na Hosea. Mzee Benno anasema katika miaka arobaini na moja ya ndoa hakuwahi kusikia mke wake akisema "karibu hivi" kuhusu tarehe, idadi au saa.

Mwaka 1989 walihamia Njombe. Marehemu alisoma stashahada, kisha shahada ya elimu jijini Dar es Salaam, akawa mkufunzi wa chuo cha ualimu, na kuanzia mwaka 2005 afisa elimu hadi alipostaafu Septemba 2018. Alikagua shule zisizo na idadi. Alikuwa akiingia darasani, anakaa dawati la nyuma na watoto, magoti yakigusa ubao wa dawati, anasikiliza kipindi kizima bila kuandika kitu. Walimu walimwogopa kwa hilo kuliko kama angeandika.

Sasa tunafika mahali alipotaka pasomwe polepole.

Mwaka 2012 aliteuliwa kuwa mjumbe wa Bodi ya Chuo cha Afya Lwangilo, na mwaka 2017 wajumbe wakamchagua kuwa mwenyekiti. Chuo kilikuwa na makao yake hapa Njombe na tawi moja Makambako, lililofunguliwa 2015 likifundisha famasia peke yake. Katika kikao chake cha kwanza akiwa mwenyekiti aliandika kanuni kwa mkono wake, bodi ikaipitisha. Inasema hivi: tawi lisipokee wanafunzi wa fani mpya mpaka liwe na wakufunzi wanne wa kudumu wa fani hiyo, na wakufunzi hao waonekane kwa macho, wasihesabiwe kwa majina. Aliijua hali ya vyuo. Alijua kwamba bodi hukutana mara nne kwa mwaka, huletewa karatasi nzuri, hula chakula cha mchana na kuondoka, na kwamba kilichoko darasani kinaweza kuwa kingine kabisa.

Mwaka 2019 chuo kilitaka kukua. Makambako ni njia panda. Vijana walikuwa wanaomba nafasi ya uuguzi kutoka Songea, Mbeya na Mufindi, na Njombe hapakuwa na kitanda wala kiti. Mkuu wa chuo, Ndugu Silvesta, ambaye leo familia haimlaumu na marehemu hakumlaumu, aliandaa ombi la kuanzisha uuguzi katika tawi la Makambako. Lililetwa kwenye kikao cha Ijumaa, tarehe 23 Agosti 2019. Kiambatisho kilikuwa na majina manne ya wakufunzi, vyeti vyao na sahihi zao.

Mjumbe mmoja aliinua mkono. Ni Bwana Halfan, mwenye malori Makambako, aliyeingia bodini kuwakilisha wananchi wa pale.

"Mama mwenyekiti, samahani," alisema. "Huyu wa pili na huyu wa nne nimesalimiana nao hapo nje sasa hivi. Wanafundisha hapa Njombe."

"Watahamishwa," alisema Ndugu Silvesta. "Barua ziko tayari."

"Wakihamishwa, hapa atabaki nani?"

Watu wawili watatu walicheka kidogo. Marehemu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Saa nane alikuwa na kikao cha harusi ya binti yake Eveline, na wakwe walikuwa wametoka mbali.

"Ndugu Halfan, tusiwafungie vijana mlango kwa sababu ya shaka," alisema. "Barua zipo."

"Sawa, mama," alijibu Halfan, akashusha mkono.

Marehemu akasaini. Katika daftari amesema hivi: "Msiseme nilidanganywa. Swali lilikuja mezani nikalisikia. Kanuni ilikuwa yangu. Kutoka Njombe hadi Makambako ni saa moja na kidogo. Sikwenda."

Oktoba mwaka huo wanafunzi arobaini na watatu wa uuguzi waliripoti Makambako na magodoro yao. Bodi ilihudhuria ufunguzi, ikapiga picha, ikakata keki. Barua za uhamisho zilikuwepo kweli, lakini Njombe nako pangebaki wazi, hivyo wakufunzi wawili wakawa wanakuja Jumanne na Alhamisi. Baadaye akawa anakuja mmoja. Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa ajili ya korona, na vilipofunguliwa Juni kila pengo likapata kisingizio chake. Taarifa za robo mwaka ziliendelea kuja bodini zikiwa na majina manne. Katika miezi hiyo marehemu alipita Makambako mara sita kwenda Kitandililo, kwenye kipaimara, kwenye msiba wa shangazi yake, kwenye mavuno. Mara zote sita alilipita lango la tawi akiwa kwenye gari. Alizihesabu baadaye.

Februari 2021 wakaguzi wa vyuo walifika tawini bila taarifa. Walimkuta mkufunzi mmoja, naye ni wa famasia, akiwasomea wanafunzi wa uuguzi kitabu kwa sauti. Vitanda vya kujifunzia vilikuwa bado vimefungwa nailoni. Barua ya ukaguzi ilikuja Machi. Ilisema wanafunzi wale arobaini na watatu hawataruhusiwa kufanya mtihani wa taifa, kozi inasitishwa, na kama chuo kikipata wakufunzi kwanza, waanze upya mwaka wa kwanza.

Wajumbe walishauri mkuu wa chuo ndiye awasomee wanafunzi barua hiyo. Marehemu alikataa. Jumatatu tarehe 15 Machi 2021 alipanda basi peke yake akaenda. Aliwasomea yote, pamoja na tarehe na namba ya kumbukumbu. Alipomaliza, mlio wa breki za malori ulisikika kutoka kule barabarani. Kisha akasimama binti mmoja anayeitwa Nelly.

"Mama, wewe ndiye uliyesaini sisi tuje?"

"Ndiyo."

"Ulikuja kuangalia kabla ya kusaini?"

"Hapana."

"Kwenu ni wapi, mama?"

"Kitandililo," alisema marehemu.

Kitandililo ni kata ya mji huohuo wa Makambako. Nelly alimtazama kidogo, akakaa.

Marehemu alirudi nyumbani saa kumi jioni. Mzee Benno alikuwa bustanini.

"Imekuwaje?" aliuliza.

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Hawajasema."

Akaingia jikoni akapika. Mzee Benno anakumbuka kwamba mboga ilikuwa na chumvi mara mbili, na kwamba marehemu aliila yote bila kugundua. Ikawa hivyo kwa miezi. Alikwenda kanisani, aliimba, alipalilia, alimbeba mjukuu, na hakusikia kitu. Hakulia wala hakugombana na mtu. Alimwambia Agustino kwamba ilikuwa kama mkono ulioulalia: unauona ni wako, unaunyanyua kwa mkono mwingine, ukiuachia unaanguka. Watu walimsifu kwa utulivu wake. Aliona aibu kusifiwa, na hata hiyo aibu aliijua kwa kuifikiria tu.

Bodi ilikutana Aprili. Kulikuwa na hoja mezani kwamba mihtasari iandike bodi ilipotoshwa na uongozi wa chuo. Ilikuwa hoja inayowaokoa wote isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo, Ndugu Silvesta, alikuwa amekaa pale pembeni na faili lake magotini. Marehemu aliomba kusema kabla ya kura.

"Andikeni hivi," alisema. "Mwenyekiti aliulizwa swali na mjumbe Halfan, hakulijibu, akasaini."

Katibu wa bodi, Bi Rehana, aliacha kuandika. "Mama, niandike hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

"Itabaki kwenye kumbukumbu, mama. Milele."

"Ndiyo maana ya kumbukumbu, mwanangu."

Ndugu Silvesta aliondoka chuoni mwisho wa Juni kwa barua yake mwenyewe. Marehemu aliacha kiti cha uenyekiti siku hiyohiyo ya Aprili, na wajumbe wakamchagua Bwana Halfan. Wengi walidhani angeondoka kabisa. Aliomba abaki mjumbe wa kawaida, apewe kamati ya watumishi, ile ambayo hakuna aliyekuwa akiigombea. Halfan alimuuliza kwa nini.

"Kwa sababu mimi ndiye ninayejua inavyopuuzwa," alijibu.

Kuanzia Julai 2021 alikwenda Makambako mara mbili kila mwezi, na hakuna aliyejua siku. Aliingia, akasalimia mlinzi, akakaa kiti cha nyuma darasani. Kwanza alitafuta wakufunzi. Waliajiriwa watatu, wakaondoka wawili. Wakaajiriwa wengine wawili, akaondoka mmoja. Bodi ikasema vijana wa siku hizi hawatulii. Marehemu hakubishana. Alimfuata mmoja wa wawili waliobaki, mkufunzi wa ukunga anayeitwa Fidelia, aliyetokea Bukoba, hadi alipopanga. Alikuta chumba kimoja kando ya gereji, watoto wawili wamekaa juu ya kitanda wakifanya kazi za shule kwa sababu sakafu ilikuwa na maji.

"Unaondoka lini?" marehemu alimuuliza.

Fidelia alishtuka. "Nani amekwambia naondoka, mama?"

"Hakuna. Mimi ningeondoka."

Kikao kilichofuata alileta taarifa ambayo bodi haikuwahi kuiona. Mbele ya kila jina la mkufunzi aliandika anakaa wapi, mtoto wake anasoma wapi, mwenzi wake yuko mkoa gani, na mara ya mwisho alipata likizo lini. Mjumbe mmoja alisema hii ni bodi ya chuo, siyo ustawi wa jamii. Marehemu alijibu kwamba jina halifundishi, anayefundisha ni mtu, na mtu lazima alale mahali. Bwana Halfan akasema ana nyumba mbili nyuma ya yadi yake ambazo madereva hawazitumii. Fidelia alihamia ya kwanza Januari 2022. Chuo kilijenga nyingine nne. Mwaka 2023 tawi la Makambako lilikuwa na wakufunzi sita wa uuguzi, na hao sita wapo hadi leo.

Kozi ilifunguliwa tena Septemba 2022. Kati ya wale arobaini na watatu, thelathini na mmoja walirudi kuanza upya. Kumi na wawili hawakurudi. Marehemu aliandika majina yao kwenye karatasi akaanza kuwatafuta, kwa simu, kwa wachungaji, kwa mashehe, kwa makondakta. Aliwapata tisa. Wawili kati yao walirudi masomoni. Watatu hakuwapata. Majina yote kumi na mawili yapo ukurasa wa mwisho wa ratiba hii, kwa agizo lake, na yeyote anayemfahamu mmoja wa wale watatu wenye alama aonane na Agustino.

Nelly alikuwa miongoni mwa kumi na wawili. Marehemu alimpata stendi ya Makambako akiuza chai na chapati.

"Mama, mimi sirudi," Nelly alisema kabla hajasalimiwa. "Usije kunibembeleza."

"Sijaja kukubembeleza. Nimekuja kuona ulipo."

Nelly alifuta kiti kwa kanga akampa. Marehemu alikunywa chai. Hawakuzungumza habari za chuo siku ile, wala siku nyingine yoyote, na siku hizo zilikuwa nyingi. Nelly yupo nasi leo. Ameomba asionyeshwe kwa kidole.

Novemba 2023 marehemu alianza kuumwa tumbo. Alisema ni vidonda vya zamani, akaendelea kupanda mabasi. Februari 2024 watoto walimpeleka hospitali ya Ikonda, na huko akaambiwa ni saratani ya kongosho. Alimuuliza daktari imefika wapi. Daktari alimweleza. Aliuliza tena, "Miezi mingapi?" Daktari akasema hawezi kutaja. Marehemu akamwambia hajaja kubishana, anataka tu kupanga ziara za Makambako. Alipelekwa Dar es Salaam kwa matibabu zaidi, akarudi Julai akiwa amekonda, akaendelea kuhudhuria vikao, mara nyingine akiwa amejifunika blanketi.

Katika hali hiyo ndipo lilipokuja suala la tawi la Makete. Wananchi wa kule walikuwa wametoa eneo na jengo lilikuwa limeezekwa. Kila mtu alilitaka. Marehemu mwenyewe alilitaka, alikoanzia kazi. Lakini Novemba 2024 alipopanda hadi huko alikuta nyumba za wakufunzi hazina milango na aliyeajiriwa ni mmoja. Alipiga kura ya kukataa. Kura zikawa tano kwa nne, tawi likaahirishwa, na siku ile kuna watu waliotoka ukumbini bila kumuaga. Mchungaji mmoja rafiki yake wa miaka mingi alimwambia, "Dorkasi, unawaadhibu watoto wa Makete kwa kosa lako la Makambako." Marehemu alilifikiria hilo kwa muda mrefu. Amesema katika daftari kwamba huenda ni kweli, na kwamba hata hivyo nyumba hazikuwa na milango.

Julai hii alirudishwa Ikonda. Alimuuliza kila muuguzi aliyemhudumia amesomea wapi. Walitaja vyuo vingi. Hakuna hata mmoja aliyetaja Lwangilo. Mzee Benno, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda, alidhani atahuzunika. Marehemu alisema tu kwamba wanafanya kazi vizuri.

Ijumaa tarehe 25 Julai bodi ilikutana Njombe bila yeye, na suala la Makete lilikuwa mezani tena. Saa tisa alasiri Bwana Halfan alipiga simu. Mzee Benno aliishika karibu na sikio la mkewe.

"Mama, tumeahirisha tena," alisema Halfan. "Wako watatu. Wa nne ana barua tu."

"Nani aliuliza?"

"Yule mjumbe mpya, Amon. Aliuliza kama kuna mtu amemwona huyo wa nne. Tukatazamana. Nami sikuwa nimemtuma, mama. Wallahi sikumtuma."

"Ukamjibu?"

"Nilimjibu hakuna aliyemwona. Jumatatu tunapanda Makete, mimi na yeye."

Marehemu alifumba macho. Mzee Benno alidhani amelala, akataka kukata simu.

"Vaeni makoti," alisema marehemu.

Jumatatu wakapanda. Wa nne hakuwepo. Wamekubaliana kuendelea kutafuta, na tawi litafunguliwa siku watakapokuwa wanne.

Mwalimu Dorkasi Efraimu Lugenge alifariki dunia Jumatano, tarehe 30 Julai 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, miezi kumi na siku kumi na tisa. Mume wake alikuwa amemshika mkono. Alitazama saa, kwa sababu alijua ataulizwa.

Ameacha mume, Mzee Benno Mtewele, watoto watatu, Mika, Eveline na Hosea, wajukuu saba, mdogo wake Agustino, na dada wawili. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ikonda, usharika, majirani, wajumbe wa bodi, na wakufunzi sita wa Makambako ambao wameomba ruhusa ya nusu siku na watarudi darasani saa nane.

Mzee Benno ameomba tuseme neno moja kwa niaba yake. Anasema nyumba iko wazi, chai ipo, na watu wasione vibaya kwamba halii. Anasema bado hajaelewa. Akielewa atatuambia.

Mungu aliyemuumba amhesabu miongoni mwa walio wake, na huko aliko sasa apate kupumzika. Amina.